Mgeni ni Amana: Usalama wa Wageni Katika Miji Yetu ya Arua na Koboko

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wenye hoteli na gesti, viongozi wa vijiji, waendesha bodaboda na wafanyabiashara wa mpakani)

Tumeombwa leo tuzungumze juu ya wageni wanaozuru miji yetu, na namna ya kuwalinda tangu wanapovuka mpaka hadi wanaporejea makwao.

Tarehe 1 Julai 2020 Arua ilipandishwa hadhi ikawa jiji, pamoja na miji mingine sita ya Uganda. Jina la jiji lilikuja kwa tangazo la siku moja, lakini hadhi ya jiji huletwa na watu wa nje wanaolichagua kuwa mahali pa kukutania na kupumzikia. Kila juma mabasi ya Kampala na magari ya mpakani yanatushushia watu. Wako wanaokuja kwa semina za mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi. Wako wanaokuja kwa mikutano ya injili, kwa mahafali ya Chuo Kikuu cha Muni, kwa harusi na kwa matanga. Wako waliokuja miaka ile timu ya Onduparaka ilipopanda ligi kuu mwaka 2016, wakaujaza uwanja wa Green Light. Na wako wanaokuja bila shughuli yoyote ila kutembea na kuona.

Neno langu leo ni moja, na yote nitakayoyasema yanalitumikia. Mgeni anayejulikana yuko salama kuliko mgeni asiyejulikana. Na ni wajibu wetu, wenyeji na polisi pamoja, kuhakikisha kwamba kujulikana hakumgharimu mgeni fedha wala heshima yake. Tukilishika la kwanza tukaliacha la pili, wageni watajificha. Na mgeni aliyejificha hana wa kumlinda.

Kwanza tutazame tulicho nacho. Ipo barabara ya lami ya kilomita 92 inayoanzia Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, ikapita Arua na Koboko, ikaishia Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi Aru upande wa Kongo, akala chakula cha mchana Arua, akawahi kufika Oraba kabla jua halijazama. Nchi tatu kwa siku moja! Karibu na Koboko pako Salia Musala, mahali zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na wageni hupenda kufika huko wasimame panapounganisha mataifa hayo matatu.

Iko milima ambayo masimulizi ya Walugbara yameipa heshima: Liru upande wa Koboko, na Wati kule Terego. Husimuliwa kwamba mashujaa Jaki na Dribidu walifika nchi hii kutoka mbali, wakaoa, na kutoka kwao zikazaliwa koo nyingi. Tafakarini jambo hilo. Hata katika hadithi za asili yetu, mababu wanaingia kama wageni waliopokelewa.

Uko pia mto Nile, kule Rhino Camp, ambako Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipiga kambi mwanzoni mwa mwaka 1910 kuwinda vifaru weupe. Vifaru wale wa asili wamekwisha. Waliosalia katika hifadhi ya Ajai waliangamizwa na majangili. Huyo huenda ndiye mgeni mashuhuri kuliko wote waliopata kuzuru West Nile, na ziara yake inatufundisha kwamba mgeni naye ana wajibu kwa mahali anapozuru, na kwamba kitu kikishatoweka hakionyeshwi tena kwa mgeni mwingine.

Na hapa mjini tunao mto Enyau. Si mto mkubwa, lakini ndio uliotunywesha maji ya bomba miaka mingi. Kandokando yake vijana huketi jioni, na wageni huvutwa na ubaridi wake. Kuna soko lenye vitenge vilivyovuka kutoka Ariwara, kuna asali, kuna samaki wa angara na ugali wa muhogo, na penye sherehe utasikia adungu ikipigwa. Hatuna upungufu wa vitu vya kumwonyesha mgeni. Linalobaki ni yeye kuviona kwa amani na kurudi kwao akitusifu.

Ndugu zangu, ukarimu wetu una historia yake, na historia hiyo inatudai.

Mpaka huu tunaouzungumzia ulichorwa na watu wa mbali. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, lililoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake likaingia chini ya Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 likahamishiwa Uganda. Ndipo Arua ikawa makao ya utawala. Mstari ule uliwakuta Wakakwa wakiishi pande zote tatu, na Walugbara pande mbili. Kwa hiyo wengi tunaowaita wageni leo ni wajomba, mashemeji na wakwe. Wamevuka mpaka, lakini hawakutoka katika ukoo.

Kisha ikaja miaka ambayo sisi wenyewe tulikuwa wageni. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, watu wa West Nile walivuka kwa maelfu kwenda nchi iliyoitwa Zaire wakati ule na kwenda Sudan. Walipokelewa Aru, Ariwara, Kaya na Yei. Walipewa ardhi ya kulima na mahali pa kuzika wafu wao. Wamo ndani ya mkutano huu waliozaliwa huko, na wamo waliojifunza huko Kilingala au Kiarabu cha Juba kwa sababu mwenyeji aliwazungumzisha badala ya kuwafukuza. Deni hilo halikuandikwa popote, lakini kila familia inalijua.

Hata baada ya kurejea, kusafiri kulikuwa mtihani. Wasafiri wa zamani wanakumbuka njia ya Karuma na Pakwach katika miaka ya 1990, magari yakisubiriana ili yasindikizwe na wanajeshi, na kila kichaka kikitiliwa shaka. Mkataba wa amani uliotiwa saini tarehe 24 Desemba 2002 kati ya serikali na wapiganaji wa UNRF II ulikuwa miongoni mwa hatua zilizotufungulia maisha tunayoishi. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka huo hawezi kujua thamani ya basi kufika usiku bila mtu kuulizwa, "Mmepita salama?" Sisi tunaijua. Kwa hiyo tusiipoteze kwa uzembe wa kila mtu kudhani kwamba mgeni ni kazi ya mwingine.

Sasa nieleze hatari ilipo. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Maana yake kila mtu humwona: anaonekana kwa lafudhi yake, kwa kusitasita kwake njia panda, kwa namna anavyohesabu noti asizozizoea. Wenyeji wema humwona, na mwewe naye humwona. Swali ni nani atakayemfikia kwanza.

Akifikiwa kwanza na mwenyeji mwema, mgeni huyo ataelekezwa gesti inayofaa, ataambiwa nauli ya haki, ataonyeshwa kituo cha polisi kilicho karibu. Akifikiwa kwanza na mwewe, atabadilishiwa fedha bandia, au atapelekwa njia ndefu gizani, au simu yake itakwenda na mtu aliyejitolea kumbebea mzigo. Mambo haya hayahitaji majambazi wenye bunduki. Yanahitaji tu mgeni asiye na mtu anayemjua.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye njia za panya. Mnazijua kuliko mimi: zinapita mashambani, zinavuka vijito, zinatokea nyuma ya nyumba za watu. Tuulizane kwa uaminifu: kwa nini mtu mwema, anayekwenda kwenye harusi ya mpwa wake, aiache barabara ya lami ya Vurra au Oraba ashike njia ya majani? Wengine hufanya hivyo kwa sababu ni karibu na kwao. Lakini wengine wanaogopa. Wanaogopa kudaiwa fedha isiyo na risiti, wanaogopa kufokewa, wanaogopa kuulizwa karatasi ambayo hawajui kama inahitajika. Hapo ndipo ninaposema kwamba kujulikana kusimgharimu mgeni. Kila shilingi ya magendo anayotozwa mtu mpakani inamsukuma yeye, na kumi walio nyuma yake, kwenye njia ambayo hakuna atakayejua walipita.

Na tunapoteza nini wasipojulikana walipita? Nitataja mambo mawili.

La kwanza ni afya. Katikati ya mwaka 2019, wakati Ebola ilipokuwa ikiua watu mashariki ya Kongo, mgonjwa mmoja aliyekuwa amesafiri kutoka upande wa Beni aligunduliwa Ariwara. Ariwara ni soko letu. Watu wa Arua na Koboko huenda huko na kurudi kama mtu anavyokwenda kisimani. Mwezi huohuo wa Juni ugonjwa ulikuwa umevuka hadi Kasese, ukiletwa na familia iliyotoka msibani. Hawakuwa wahalifu, walikuwa watu wenye huzuni. Yule anayekupima joto na kukunawisha mikono pale Vurra anamlinda mama yako aliyeketi nyumbani. Anayezunguka nyuma ya kituo humkwepa askari, lakini pia huikwepa kinga ya jamii nzima.

La pili ni watoto na wasichana. Mfanyabiashara wa binadamu hupenda njia isiyo na daftari. Huja kama shangazi, kama wakala wa kazi, kama mfadhili wa masomo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2009 ina adhabu kali, na inapomhusu mtoto adhabu huwa kali zaidi. Lakini sheria haiwezi kumfuata mtoto ambaye hakuna aliyemwona akipita. Anayemwona ni wewe: mwenye gesti, mwenye bodaboda, mama wa chai kituoni. Ukiona mtu mzima anasafiri na watoto wasiomjua kwa jina, au msichana asiyeruhusiwa kujibu swali lake mwenyewe, usimshike wala usimpige mtu. Toa habari polisi mara moja, na mchelewesheni kwa maneno mazuri.

Sasa nigawe wajibu, kila mmoja achukue fungu lake.

Ninyi wenye hoteli na gesti: daftari la wageni ni ngao. Andikeni jina, mahali mgeni alikotoka, namba ya kitambulisho au pasipoti, na simu ya ndugu yake. Hiyo simu ya ndugu ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo tunayoitafuta kwanza mgeni anapougua usiku. Lakini daftari hilo ni siri. Si gazeti la kufunuliwa kaunta kila apitaye asome ni mwanamke gani amelala chumba cha ngapi. Yeyote asiye na kazi nalo asilione, na askari anayelitaka ajitambulishe na kueleza sababu. Pazia, komeo linalofunga, na taa kwenye njia ya choo ni ulinzi pia. Na mtoto mdogo akiletwa na mtu asiye mzazi wake, ulizeni bila aibu.

Ninyi vijana wa bodaboda: kwa wageni wengi ninyi ndio sura ya kwanza ya jiji. Patana bei kabla ya safari, na usiibadilishe mkifika. Vaa kofia ngumu na umpe abiria yake. Usipakie watu watatu. Kila stendi ina mwenyekiti wake; mgeni ajue jina la stendi aliyopandia, ili akisahau mkoba pikipiki ipatikane. Stendi inayorudisha mkoba hutajwa katika basi zima hadi Kampala, na stendi inayoiba hutajwa vilevile.

Ninyi wenye nyumba na wenyeviti wa LC 1: mgeni akilala kwako, mwenyekiti aambiwe. Ni desturi ya muda mrefu, nayo ni njema, kwa sharti kwamba habari hiyo ipokelewe bila malipo na bila kebehi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi naomba siku ya kwanza kabisa jina lake lifike kwa mwenyekiti, jembe litafuata. Tukumbuke pia kwamba mkimbizi si mtoro. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki ya kutembea ndani ya nchi, kwa kufuata taratibu zilizowekwa. Mtu wa Lobule au Rhino Camp aliyekuja sokoni Arua hana kosa kwa sababu tu ametoka kambini.

Ninyi mnaoandaa mikutano mikubwa, iwe ya makanisa, misikiti, mashule au vilabu vya mpira: mtuarifu mapema. Mkutano wa watu elfu moja una maswali yake. Magari yataegeshwa wapi? Wanawake watapita njia gani kwenda kulala? Nani ana sanduku la huduma ya kwanza? Mtoto aliyepotea apelekwe kwa nani? Tukikaa pamoja majuma mawili kabla, maswali hayo hujibiwa kwa saa moja. Yakisubiri usiku wa mkutano, yatajibiwa kwa kilio.

Na wote mnaowapeleka wageni kwenye maji, nisikilizeni. Wakati wa Krismasi ya mwaka 2016, boti iliyobeba wachezaji wa timu ya kijiji na mashabiki wao ilipinduka katika Ziwa Albert, na watu wapatao 30 wakafa. Walikuwa vijana wenye furaha, wanaimba. Maji yaleyale hushuka hadi Nile yetu ya Panyimur, Pakwach na Rhino Camp. Mtu asipande mtumbwi bila jaketi la kuokolea, na boti isizidishiwe watu kwa sababu ni sikukuu. Na Enyau usipuuzwe kwa udogo wake: mvua ikinyesha juu, mto mdogo hupanda kabla mtu hajakusanya nguo zake. Tena asioshee gari humo wala asitupe taka, kwa kuwa mji unakunywa kutoka mto huo.

Sasa fungu la polisi, nalo nalisema mbele yenu ili mlishike. Askari mwenye sare ana jina kifuani, lisomeni. Fedha yoyote halali ina risiti, iombeni. Dhamana ya polisi haina malipo, kwa mwenyeji na kwa mgeni pia. Aliyekamatwa lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na kwa mujibu wa Ibara ya 23 ya Katiba, kama hajaachiliwa, afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Katiba haikusema "raia tu", ilisema mtu. Askari akikiuka haya, nendeni kwa mkuu wa polisi wa wilaya, au kwa kitengo cha polisi kinachopokea malalamiko dhidi ya maafisa. Kulalamika si uadui. Polisi isiyolalamikiwa imeachwa peke yake, na jamii iliyokata tamaa haileti tena habari za wahalifu.

Najua kuna anayejiuliza moyoni: je, wabaya hawaji kama wageni? Wanakuja. Tarehe 11 Julai 2010 watu zaidi ya 70 waliuawa Kampala kwa mabomu, wengi wao wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Walikuwa wametoka kustarehe jioni, kama wageni wetu wanavyotoka. Hatuwezi kuyasahau hayo, na penye umati ni lazima tukague mikoba na kuhoji mzigo usio na mwenyewe.

Lakini tutazame matendo, tusitazame kabila. Mtu anayeacha mfuko chini ya meza na kuondoka, anayetumia majina mawili katika gesti mbili, anayepiga picha za malango na walinzi badala ya mto na mlima: huyo aripotiwe, hata kama anasema Kilugbara safi kuliko mimi. Na mtu anayeuliza njia kwa Kilingala, akiwa na kikapu cha samaki na barua ya mwaliko wa harusi, aelekezwe. Tukiwashuku wote, kelele zetu zitamficha yule mmoja tunayemtafuta. Na pale umati unapoanza kumpigia mtu mayowe ya "Mwizi!" kwa sababu lafudhi yake ni ngeni, kumbukeni kwamba mawe hayana masikio. Aliyepigwa hadi kufa hawezi tena kueleza kwamba alikuwa anatafuta nyumba ya mjomba wake. Mleteni kituoni akiwa hai; hiyo ndiyo sheria, na ndio utu.

Hali ya nyakati inatusaidia. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Majirani zetu wote wawili sasa wamo katika nyumba moja nasi. Taratibu za hati za kusafiria hubadilika, kwa hiyo waambieni jamaa zenu waulize ofisi ya Uhamiaji kabla ya safari, wabebe kitambulisho au pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na wapite mlango ulio wazi.

Hata lugha tunayoitumia hapa imebadilisha kazi yake. Wengi wa wazee wetu walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kikitoka kinywani mwa askari, nacho kilikuwa amri: simama, keti, toa karatasi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii, na leo mtu wa Bunia, wa Mombasa na wa Koboko huweza kukutana humo. Basi neno la kwanza mgeni atakalolisikia kwa Kiswahili kutoka kwa askari liwe "karibu", na la pili liwe "nikusaidie nini?"

Wazee husimulia kwamba jina la Arua lilitokana na neno la Kilugbara lenye maana ya mahabusu, tangu siku za wakoloni watu walipoletwa hapa wakiwa wamefungwa. Jiji lenye jina la namna hiyo lina sababu zaidi ya mengine ya kuwa mahali mtu anapoingia kwa hiari yake na kutoka kwa hiari yake.

Namba zetu ni 999 na 112, nazo hazina malipo. Ziandikeni ukutani mwa kila gesti na nyuma ya kila mlango wa chumba. Jioni ya leo, kila mwenye nyumba ya wageni afungue daftari lake atazame kama lina nafasi ya simu ya ndugu. Kila mwenyekiti wa stendi awakutanishe vijana wake juu ya nauli za usiku. Kila mwenye jamaa ng'ambo ya mpaka ampigie amwambie kwamba akija apite Vurra au Oraba, na kama atadaiwa kisicho na risiti, alihifadhi jina alilolisoma kifuani mwa aliyemdai, alilete kwetu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji unaopokea wageni vizuri hupona njaa yake, hupona woga wake, na hupona sifa mbaya iliyowahi kuusumbua. Sasa nakaribisha maswali yenu.